Yai la Kware na Mkumbo wa Watu



Katika maradhi yanayokula mali za watu wetu, mojawapo ni kufuata mkumbo: mtu kutia mali yake katika jambo, si kwa kuwa amelipima, bali kwa kuwa amewaona wengi wametia zao. Akiulizwa hoja yake hujibu, "Kila mtu anafanya." Na jawabu hili si hoja.

Na tutazame yaliyopita katika nchi yetu ya Kenya mwaka 2013 na 2014. Ilienea habari ya kwamba mayai ya kware ni dawa ya maradhi mengi. Bei ya yai moja ikapanda, na mahali pengine ikafika hata shilingi 100, ilhali uzito wake ni kama sehemu moja ya tano ya yai la kuku. Watu wakakimbilia leseni za kufuga, wakajenga vibanda, wakanunua mashine za kuangulia, na wengine kwa fedha za mkopo. Haukupita muda mrefu, yai likauzwa kwa shilingi 10 na chini yake, na wengi wakabaki na ndege wasio na mnunuzi.

Kwa nini yakawa hayo? Sababu haikuwa siri. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga apatapo wiki 6 au 7. Basi ndege wachache huwa wengi mno kabla mwaka haujaisha. Tena wanunuzi wengi wa wakati ule hawakuwa walaji. Walikuwa wafugaji wapya, kila mmoja akinunua mbegu kwa mwenziwe ili naye awauzie watakaokuja nyuma yake. Walipokwisha wa kuja, biashara nayo ikaisha. Aliyetangulia alipata faida, na aliyechelewa ndiye aliyeilipa.

Na mkumbo hutoa watu kama unavyowaingiza. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, zikaombwa kupita kiasi kilichokuwapo. Bei iliposhuka chini ya shilingi 3 mwaka 2009, wako waliouza kwa hofu, ilhali kampuni yenyewe ilikuwa ikipata faida. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40.

Jambo hili latuhusu sisi wa Bahati. Bei ya viazi ipandapo, kila shamba hupandwa viazi. Baada ya miezi mitatu au minne wote huvuna pamoja, na bei huanguka. Mahali petu paitwa Bahati, walakini mali haichumwi kwa bahati.

Wazee husema, fuata nyuki ule asali. Naam, lakini nyuki alijua ua liko wapi. Husema tena, kifo cha wengi harusi. Lakini deni la wengi hulipwa na kila mtu peke yake.

Basi, kabla ya kutoa fedha, yatupasa kujiuliza haya matatu:

1. Mlaji wa mwisho wa kitu hiki ni nani?
2. Sote tukikizalisha, bei itasimama wapi?
3. Nikipata hasara, italipwa kwa mali gani: akiba, au shamba la watoto?

Asiyeweza kuyajibu na azuie mkono wake, wala asione haya kubaki nyuma. Mali ni amana, na amana haitolewi kwa kuwa jirani ametoa yake.