Swali la Mpemba: Fizikia na Mwamko wa Udadisi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Makala haya yanashikilia kuwa fizikia humwamsha mwanafunzi pale anaporuhusiwa kuuliza.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walichemsha maziwa na sukari, wakayapoza, kisha wakayagandisha kuwa aisikrimu. Kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, Mpemba aliyatia yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilo hilo Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walimcheka, ila Osborne alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao, na jambo hilo likaja kuitwa athari ya Mpemba. Mwaka 2016 watafiti nchini Uingereza walilitilia shaka, na hadi leo mjadala haujafungwa.

Nilipomsimulia mdogo wangu kisa hiki nyumbani Muthangari, alitia vikombe viwili vya maji jokofuni, kimoja cha moto, akakesha akivichungulia. Hakuna zoezi la kitabuni lililowahi kumkesesha.

Nasi walimu wa kesho wa fasihi tujihoji: mwanafunzi akitoa fasiri isiyomo katika mwongozo, je, tutamcheka au tutarejea naye kwenye matini tukaijaribu?