Kutafuta Metali na Nyaya Zilizofichika Ukutani

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ambamo umo mji mdogo wa Buseresere, chombo cha kutambulia metali hujulikana zaidi kwa kutafutia dhahabu ardhini. Kanuni iyo hiyo humfaa fundi atakaye kutoboa ukuta. Ndani ya chombo mna koili. Mkondo geu wa umeme upitao humo huzalisha uga wa sumaku. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo huubadili uga, na chombo hulia.

Hata hivyo, chombo hiki hakichagui. Mwaka 1881, Alexander Graham Bell alikitumia cha namna hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, asifanikiwe. Springi za kitanda zilitajwa kuwa miongoni mwa sababu. Vivyo hivyo, nondo huweza kuuficha waya wa umeme ulio karibu nayo.

Yafaa fundi akijaribu chombo kwanza mahali ajuapo pana waya, kisha akipitishe polepole, wima na mlalo, akitia alama kila kiliapo. Kikinyamaza, asidhani pako salama: waya uliozama sana hautambuliki. Kwa hiyo azime swichi kuu kabla ya kutoboa, kwani volti 230 huua.