Kupaka Bodi ya Gari la Mizigo Rangi Nzito

Kawe iko kando ya Bahari ya Hindi, upande wa kaskazini wa jiji la Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni. Magari madogo ya mizigo ni mengi huko. Hubeba samaki, mchanga, kokoto, na saruji ya Wazo Hill, ambako kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Kazi hizi huchakaza bodi. Koleo hukwaruza rangi. Maji ya barafu ya samaki huvuja, nayo huwa na chumvi. Hata gari lililolala uani halisalimiki, kwa maana upepo wa bahari huleta chumvi usiku na mchana.

Baadhi ya wenye magari sasa hupaka bodi rangi nzito ya kuzuia mikwaruzo. Wengine huifanya kazi hiyo nyumbani ili kupunguza gharama. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuifanya, na kwa nini mtu aliye nyumbani atumie rola badala ya kupuliza.

Kutu hutoka wapi?

Chuma kikikutana na maji na hewa, huliwa polepole na kugeuka kutu. Chumvi huharakisha jambo hilo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu rangi iliyo juu yake huumuka, kisha hubanduka vipande vipande.

Basi ukipaka rangi juu ya kutu umeificha tu. Chini ya rangi chuma kinaendelea kuliwa, nawe huoni. Siku moja mguu unatoboa sakafu. Mwenye gari akisema, "Fundi, piga hivyo hivyo, nina haraka," mjibu kwa upole, "Mzee wangu, tukipiga hivi utanirudia kabla ya masika mengine." Ni afadhali kupoteza kazi ya siku moja kuliko kupoteza jina.

Rangi yenyewe

Rangi hii huuzwa katika vyombo viwili. Kimoja kina rangi, nzito kama uji. Kingine kina hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Vikichanganywa hukauka na kuwa ngozi ngumu ya plastiki, inayonyumbuka kidogo kama mpira. Kupaka rangi ya namna hii ndani ya bodi za pikapu kulienea Marekani katika miaka ya 1980 na 1990. Lakini asili yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani walivumbua njia ya kutengeneza plastiki za jamii hiyo, ambazo leo zimo hata katika magodoro ya sponji. Siku hizi wako wanaopaka gari zima, siyo bodi peke yake.

Hatari ya hadina

Hapa tusome polepole.

Ndani ya hadina mna kemikali inayoitwa isosayaneti. Rangi ikipulizwa kwa kompresa na bunduki ya rangi, kemikali hiyo huruka hewani kama ukungu. Mtu akiivuta, yaweza kumletea pumu, hata kama hakuwa na pumu tangu kuzaliwa. Mafundi wa kupuliza rangi katika nchi nyingi wameugua hivyo. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishaikataa kemikali hii, baadaye hata kiasi kidogo sana huweza kumbana mtu kifua. Fundi wa namna hiyo hulazimika kuiacha kazi yake.

Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii. Barakoa ya vumbi nayo haizuii mvuke. Katika karakana zenye vifaa kamili, anayepuliza huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi wake na hatari za kazi. Lakini uani kwako hakuna mwajiri. Kuna watoto, kuna jirani, na ukuta wa jirani hauzuii ukungu.

Kwa hiyo nyumbani usipulize. Paka kwa rola na brashi. Rola hairushi ukungu mwingi, na rangi nzito hukubali rola vizuri. Uso wake utakuwa na vipele vipele, lakini mchanga na kokoto havijali urembo. Hata hivyo mvuke bado upo. Fanya kazi mahali pa wazi, simama upande upepo unakotokea, vaa glavu za mpira, miwani, nguo za mikono mirefu na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi. Mwenye pumu asiiguse kazi hii, na watoto wakae mbali hadi rangi ikauke.

Jambo lingine ni moto. Tina hushika moto upesi, na mvuke wake hutambaa chini. Jiko la mkaa lisiwe karibu, na sigara izimwe.

Kutayarisha chuma

Sehemu kubwa ya kazi iko hapa. Kwanza osha bodi kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi ili kuondoa mafuta na chumvi. Visima vingine karibu na pwani vina maji ya chumvi. Ukiosha bodi kwa maji hayo unaongeza adui uliyetaka kumfukuza. Maji ya bomba au ya mvua yanafaa zaidi.

Kisha sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Palipooza kabisa pakatwe na kuunganishwa bati jipya. Rangi ya magari ya zamani yaweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo lowesha msasa ili vumbi lisiruke, okota mabaki yote, na usiyafagilie kwenye bustani ya mchicha. Kausha bodi mara moja, kwani chuma kitupu kilicholowa huanza kutu siku hiyo hiyo. Paka praima ya kuzuia kutu palipo na chuma kitupu. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri isuguliwe tu mpaka ipoteze mng'ao.

Acha wazi matundu ya kutolea maji. Usifunike namba ya chasi. Ukitaka kubadilisha rangi ya gari zima, uliza kwanza TRA kuhusu kadi ya gari.

Kuchanganya na kupaka

Soma maandishi ya kopo. Kama ni ya Kiingereza, mwombe muuzaji akueleze kabla hujalipa. Kopo likisema 3 kwa 1, maana yake ni vikombe 3 vya rangi kwa kikombe 1 cha hadina. Mililita 600 za rangi zitataka mililita 200 za hadina. Usikadirie kwa macho. Hadina ikipungua, rangi hubaki laini na kunata.

Changanya kiasi cha kutumia kwa muda mfupi, maana rangi iliyochanganywa huganda chomboni. Masalio usiyarudishe kwenye kopo.

Hadina ikikutana na maji hutoa gesi, na gesi hiyo hufanya mapovu ndani ya rangi. Basi ngoja umande ukauke kabisa, na siku ya mawingu ya mvua uahirishe. Karibu na bahari miezi ya Juni hadi Septemba ni mizuri kwa kazi hii kuliko masika. Paka mkono wa kwanza, ngoja muda ulioandikwa, kisha paka wa pili. Usipakie mzigo mpaka zipite siku zilizotajwa kwenye kopo.

Rangi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Mtu akibanwa na kifua, mtoe kwenye hewa safi na umpeleke hospitali haraka. Chukua kopo pia, ili daktari asome kilichomo.

Zoezi

Sakafu ya bodi ina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5. Kuta zake nne zina kimo cha nusu mita. Kopo linasema lita 1 hutosha mita 2 za mraba kwa mkono mmoja. Utahitaji lita ngapi kwa mikono miwili?