Kiyeyushi Kimoja, Mitikiso Mitatu: Hesabu ya Kutoa Dawa Majini

Tuseme kisima kimoja cha Robanda, wilayani Serengeti, kiko bondeni mwa josho la ng'ombe, na wanakijiji wanataka kujua kama dawa ya kupe imefika majini. Dawa ikiwa kidogo sana, maabara huitoa kwanza kwenye maji na kuikusanya katika kiyeyushi kisichochanganyika na maji, kama dikloromethani. Je, kiyeyushi kimiminwe chote kwa mkupuo, au kigawanywe?

Jibu limo katika kanuni aliyoieleza Mjerumani Walther Nernst mwaka 1891. Joto lisipobadilika, dawa hujigawa kati ya vimiminika viwili kwa uwiano ule ule, tuuite K. K ikiwa 50, mililita ya kiyeyushi hubeba dawa mara 50 ya ile iliyo katika mililita ya maji. Sehemu inayobaki majini baada ya mtikiso mmoja, yaani kutikisa maji na kiyeyushi pamoja, ni ujazo wa maji, gawanya kwa jumla ya ujazo huo na K × ujazo wa kiyeyushi.

Chukua maji mililita 1,000 yenye mikrogramu 100 za dawa, na kiyeyushi mililita 180. Ukikimimina chote: 1,000 ÷ (1,000 + 9,000) = 1/10, yaani mikrogramu 10 zimebaki. Sasa kigawe 60, 60, 60, ukitoa kila sehemu kabla ya kumimina inayofuata. Kila mtikiso unabakiza 1,000 ÷ 4,000, yaani robo. Na robo ya robo ya robo ni 1/64. Imebaki mikrogramu 1.6 tu! Ufanisi umepanda kutoka asilimia 90 hadi 98.4 bila kuongeza hata tone.

Mitikiso sita ya mililita 30 ingebakiza mikrogramu 0.4, faida ndogo kwa kazi maradufu. Ndiyo maana mitikiso mitatu ya mililita 60 imezoeleka katika upimaji wa maji.

Hesabu hii hutimia pale tu vimiminika vinapotikiswa vya kutosha na kuachwa vitengane. Dikloromethani ni nzito kuliko maji, hivyo hukaa chini. Mvuke wake ni sumu, usijaribu nyumbani.

Maji yapelekwe maabara yakiwa kwenye barafu, katika chupa safi ya kioo, kwa kuwa dawa nyingi za kupe hunata kwenye plastiki. Ukipokea ripoti, uliza kiwango cha urejeshaji: maabara ilipotia kiasi kinachojulikana cha dawa kwenye maji safi, ilikipata tena kwa asilimia ngapi? Uliza hasa pale ripoti inaposema dawa haikuonekana.