Bawa la Nyenje na Vijidudu vya Wodini

Bakteria hana mikono wala kucha, lakini kabla hajamdhuru mgonjwa hana budi kufanya jambo moja: kushika mahali. Akitua kwenye mpira wa mkojo hujigandisha, huzaana, kisha kundi zima hujifunika utando wa utelezi ambao dawa huupenya kwa shida. Hivyo lipo swali linalotangulia lile la dawa. Je, tunaweza kumnyima pa kushika?

Jibu moja linapiga kelele juu ya miembe ya Chanika, mjini Handeni. Nyenje wakianza kulia mchana wa jua kali, hata bendi ya Queen kwenye simu yangu huzidiwa, na mwimbaji wake Freddie Mercury hakuwa mtu wa kuzidiwa sauti kirahisi. Ila si sauti tunayoitafuta. Dume hulia kwa viwambo vya tumboni. Tutazame bawa.

Kwa macho ni laini kama kioo. Chini ya hadubini kali limejaa vijinguzo, kila kimoja na kimo cha nanomita 200 hivi. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Bakteria ana urefu wa nanomita elfu moja au mbili, kwa hiyo akitua anakalia vijinguzo vingi kwa mara moja.

Mwaka 2012, huko Australia, mtafiti Elena Ivanova na wenzake waliweka juu ya bawa la nyenje bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, msumbufu mkubwa wa hospitalini. Akafa ndani ya dakika chache. Mbishi atauliza: huenda bawa lina sumu? Walilipaka dhahabu yenye unene wa nanomita 10. Kemia ya juu ikabadilika, umbo likabaki. Bakteria akaendelea kufa. Jaribio hilo nalipenda kuliko matokeo yenyewe, maana lilimaliza ubishi: kinachoua ni umbo.

Linauaje? Ngozi ya bakteria huzama kati ya vijinguzo, huvutika kama shuka jepesi lililotupwa juu ya miba ya mkonge, kisha hupasuka. Mwenye ukuta mnene, kama Staphylococcus aureus, huhimili. Lakini mwaka 2013 kikundi hichohicho kilionyesha kwamba bawa la kereng'ende humuua hata huyo.

Papa ana njia nyingine: ngozi yake haiui, inamnyima tu bakteria pa kushika. Anthony Brennan wa Chuo Kikuu cha Florida aliiga michirizi yake kwenye plastiki. Baada ya siku 14, Staphylococcus alikuwa ametanda kwenye asilimia 54 ya plastiki laini, na asilimia 7 tu ya ile yenye michirizi.

Je, maumbo haya yangemwokoa Freddie, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946? Hapana. Nimonia iliyomuua London tarehe 24 Novemba 1991 ilipata njia kwa sababu UKIMWI ulikuwa umebomoa kinga yake, na mapafu hayachongwi michirizi. Alichohitaji ni mseto wa dawa za kufubaza virusi, ulioanza kutumika kwa wingi mwaka 1996. Umbo hulinda vifaa: mipira, vitasa, vipandikizi. Hata huko, mizoga ya bakteria ikirundikana juu ya vijinguzo, wanaofuata hutua salama.

Kwa hiyo ukienda kumwona mgonjwa, nawa kwanza kwa sabuni na maji tiririka, kabla hujashika hata kitanda chake.