Chuo cha Udaktari wa Meno: Urahisi wa Kudahiliwa Hutoka Wapi?

Mlaji wa huduma ya elimu hulipa kwanza, na thamani ya alichokilipia huiona baada ya miaka. Nchini Tanzania, shahada ya udaktari wa kinywa na meno huchukua miaka 5, kisha hufuata mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Kabla ya kuchagua chuo kwa sababu hupokea wanafunzi kwa urahisi, mzazi na mwanafunzi hawana budi kujua chanzo cha urahisi huo.

Chanzo cha kwanza ni nafasi. Kila mwanafunzi wa meno huhitaji maabara, kiti cha matibabu, wagonjwa na mwalimu wa kumsimamia. Chuo chenye vichache kati ya hivyo hudahili wachache.

Cha pili ni ada. Vyuo vya umma hupata ruzuku ya Serikali, hivyo waombaji ni wengi. Panapotozwa ada kubwa, familia nyingi hujitoa kabla ya kuomba: mchujo hufanywa na mfuko, si na alama.

Cha tatu ni kundi la waombaji. Baadhi ya vyuo vya nje hutenga nafasi kwa wageni wanaolipa ada kamili, na ushindani wa nafasi hizo si sawa na ule wa wenyeji.

Cha nne ni ngazi ya masomo. Stashahada ya utabibu wa meno hupokea wahitimu wa kidato cha nne. Shahada hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita, au sifa linganifu. Sifa za kitaaluma zitolewazo na ngazi hizo mbili ni tofauti.

Takwimu nazo zisomwe kwa uangalifu. Tuchukulie vyuo viwili vyenye nafasi 30 kila kimoja: kimoja kikapata maombi 900, kingine 150. Cha kwanza huonekana kigumu mara 6. Lakini mwombaji mmoja huweza kuomba vyuo kadhaa na akahesabiwa katika kila kimoja, na miongoni mwa hao 900 wamo wasio na sifa. Hesabu hiyo haielezi ubora wa mafunzo.

Kabla ya kulipa chochote, uliza:

1. Je, chuo na programu husika vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)? Kwa chuo cha nje, pata jibu la Tume kabla ya kusafiri.
2. Je, mhitimu atakidhi masharti ya usajili ya Baraza la Madaktari Tanganyika?
3. Gharama zote hadi kuhitimu ni kiasi gani, pamoja na vifaa, bima na malazi?
4. Mwanafunzi ataanza lini kuhudumia wagonjwa, na katika kliniki ipi?

Majibu ya chuo au wakala yawe ya maandishi, na stakabadhi zote zihifadhiwe. Kauli ya wakala haichukui nafasi ya uthibitisho wa mamlaka.

Mlango mpana si dosari, wala mlango mwembamba si hakikisho la ubora. Bali shahada isiyomwezesha mhitimu kusajiliwa humwacha bila ruhusa ya kutibu, hali ada imekwisha kulipwa na miaka imekwisha kupita.