Taabu za Dawa ya Tezi ya Kichwani

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, mna tezi ndogo kiasi cha punje ya mbaazi. Matabibu huiita pituitari. Udogo wake usikudanganye, kwani hiyo ndiyo itoayo amri kwa tezi nyingine nyingi za mwilini. Mara nyingine tezi hii huota uvimbe. Aghalabu uvimbe huo si saratani, walakini hutia fujo kubwa, khasa ule umiminao prolaktini, yaani homoni ya maziwa. Mwanamke asiyenyonyesha hutokwa na maziwa, hedhi hukatika, na mimba haishiki. Mwanamume hupungukiwa na nguvu zake. Uvimbe ukikua hubana mishipa ya macho ipitayo juu yake, hata mtu asione ya ubavuni.

Wako wadhanio kuwa hayo ni jini au husuda, na mgonjwa akazungushwa kwa waganga miaka mizima, ilhali kipimo cha damu kingetosha kuonyesha pa kuanzia.

Uvimbe wa namna hii, tofauti na aina nyingine, mara nyingi hauhitaji kisu. Hutibiwa kwa vidonge viigavyo dopamini, kitu ambacho ubongo wenyewe hukitumia kuizuia prolaktini. Vilivyo mashuhuri ni bromokriptini na kabagolini. Mwaka 1994 ulitangazwa uchunguzi wa wanawake 459 waliotumia dawa hizi. Prolaktini ilirudi sawa kwa 83 katika kila 100 waliomeza kabagolini, na kwa 59 katika kila 100 waliomeza bromokriptini. Sasa tazama: hata kwa kabagolini, 68 katika kila 100 walipata taabu ya namna fulani, lakini walioiacha kwa sababu ya taabu hizo walikuwa 3 tu katika kila 100. Maana yake, kutaabika ni jambo la wengi, na kushindwa ni la wachache.

Taabu zijazo kwanza ni moyo kuchafuka, kichwa kuuma, kisunzi mtu ainukapo, kufunga choo na uchovu. Nyingi hupungua baada ya majuma machache. Ndiyo sababu tabibu huanza kwa kipimo kidogo, akakipandisha polepole. Kidonge na kimezwe pamoja na chakula, wakati wa kulala, na asubuhi mtu aketi kitandani kwanza kabla ya kusimama. Wala asikimbilie duka la dawa kutaka kidonge cho chote cha kuzuia kutapika. Kimojawapo kijulikanacho sana, metoklopramidi, huifungia dopamini njia, kikaipandisha ile ile prolaktini tunayotaka kuishusha.

Iko taabu nyingine ambayo haizungumzwi, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Kazi ya dopamini si kuzuia prolaktini tu. Ndiyo pia iamshayo hamu ndani ya ubongo. Basi wako baadhi ya wagonjwa ambao dawa huwafungulia hamu isiyoshikika: ya kamari, ya kununua vitu, ya kula pasipo kiasi, au ya tendo la ndoa. Mtu ambaye hakuijua kamari maisha yake yote hujikuta usiku wa manane akibashiri mipira kwa simu mpaka mshahara umekwisha. Huona haya, akaficha. Mkewe adhani mume ameharibika, wazee humwita kumpa nasaha, na tabibu, aliyestahili kuambiwa mbele ya wote, ndiye asiyeambiwa! Kamari ni haramu, na hukumu hiyo haibadiliki. Lakini nasaha peke yake haitoshi ikiwa kidonge kinaendelea kumezwa vile vile. Dawa ikipunguzwa au kuondolewa kwa amri ya tabibu, hamu hiyo kwa kawaida huondoka. Kwa hiyo mgonjwa, siku apewapo dawa, amwambie mtu wa nyumbani amwaminiye: ukiniona nimegeuka, usinifichie. Mwenyewe aghalabu huwa wa mwisho kutambua.

Kuhusu moyo, mwaka 2007 ilitangazwa kuwa kabagolini huharibu milango ya moyo. Wagonjwa wale walikuwa wa Parkinson, wanaomeza kila siku vipimo ambavyo mgonjwa wa tezi kwa kawaida hafikii hata kwa juma zima. Mwenye kutumia kipimo kikubwa kwa miaka na aulize juu ya kupimwa moyo.

Ama Ramadhani, kabagolini humezwa mara moja au mbili kwa juma, basi haigongani na saumu, humezwa usiku. Bromokriptini ni ya kila siku, na huenda ikamezwa zaidi ya mara moja. Mwenye kuitumia amwendee tabibu kabla ya mwezi kuandama, na akikatazwa kufunga, ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, asione haya kuitumia.

Mwanamke ajue pia kuwa mimba yaweza kushika kabla hata hedhi ya kwanza haijarudi. Akihisi ameshika, amwambie tabibu upesi. Na maumivu makali ya kichwa ya ghafula, macho kufifia, au maji meupe mepesi kuchuruzika puani, hayo hayangoji miadi: mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.